Fundi wa Madishi Asiyeamini Ngao

Fundi wa madishi hakuwa na imani na kitu chochote kilicho juu, na riziki yake yote ilitoka juu. Kwa miaka mingi alipanda mapaa ya Bertrams, mtaa wetu hapa Johannesburg, akiwafungia madishi Wakongo, Watanzania, Warundi na wenyeji. Akishuka, aliketi kwa kinyozi na kuwaambia watu kwamba vyuma vile vinavyozunguka mbinguni vitatuletea balaa. Mtu akimwuliza, "Sasa mbona unatufungia?" alijibu, "Miye nitakula wapi?"

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Hakupenda kuulizwa, nami sikumwuliza. Alisema tu "ng'ambo ya ziwa", na ziwa lina ng'ambo nyingi. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, penye "wa" yeye alisema "ba", changu ni cha Tanga, na mwanzoni tulichekana.

Mimi ni mlinzi wa ghala la vipuri vya magari. Niliishia darasa la saba. Mambo ya makombora nitakayoyaeleza niliyasikia kwake na kwa binti yangu Mwanaidi, na kama nimeyapotosha, kosa ni langu.

Fundi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mafundi wengine siku hizi wana kifaa kinacholia wakipata mawimbi. Yeye alikuwa nacho, lakini hakukiamini. Alitaka mtu asimame ndani mbele ya televisheni, na yeye juu ya paa azungushe dishi kidogo kidogo huku wakiitana. Tatizo ni kwamba watu huchoka. Picha ikitokea nusu, yenye vipande vipande, wanasema iko, ili ashuke waanze kutazama. Jioni yake wanamwita tena, wanamlaumu. Kwa hiyo alimpenda Mwanaidi. Tuliishi nyumba moja, sisi chini na yeye kwenye chumba cha juu uani, na Jumamosi alimwomba amsaidie kuitika kwa majirani. Namkumbuka siku moja ya mpira, sebule imejaa wanaume.

"Iko?" Fundi aliita kutoka juu.

"Haiko, babu!"

"Na sasa?"

"Inakatika!"

"We mtoto, mwambie iko bwana, mechi inaanza," jirani mmoja akasema.

"Si haiko, baba," Mwanaidi alimjibu.

"Eish, huyu naye!"

Walikosa dakika kumi za kwanza za mechi. Dishi lile halikuguswa tena mpaka wenye nyumba walipohama.

Binti yangu alizaliwa hapa Johannesburg. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa hapahapa, Mzulu. Fundi ndiye aliyemfundisha kwamba madishi yote ya mji huu yanatazama kaskazini, na kwa nini. Alimwonyesha kwa chungwa na njiti ya kiberiti. Baada ya hapo mtoto hakutaka kusikia habari ya ushonaji wala ususi. Alikwenda chuo cha ufundi kusomea umeme na mawimbi.

Mabishano kwa kinyozi yalikuwa makali zaidi mwaka 2018, pale rais wa Marekani aliposema anataka jeshi la anga za juu. Kinyozi ni kijana wa Dar es Salaam, mdomo wake haupumziki.

"Mzee wa anga! Umesikia? Wenzako wanaweka mizinga mbinguni. Kombora likirushwa tu, linapigwa hukohuko. Mchezo umekwisha."

"Banakudanganya."

"Nani ananidanganya? Nimeona video."

"Hapa mvua ikinyesha saa tisa, picha yako inaganda. Inaganda ama haigandi?"

"Inaganda."

"Setilaiti imesimama pale, haikimbii, inataka kuonekana, na weye umelipa. Bado inapotea kwa sababu ya wingu. Sasa kombora linakimbia kuliko risasi, halitaki kuonekana, na mwenyewe ni adui. Utaliona wapi?"

"Wazungu wana akili, mzee."

"Na adui hana?"

Watu wakacheka. Kinyozi akasema mzee ana wivu na teknolojia kwa sababu ngazi yake ni ya mbao.

Siku nyingine Fundi alitupeleka wote uani, akapanda paani na bolti moja na mfuko wa plastiki wa dukani. Aliviachia kwa pamoja. Bolti ikadunda kwenye saruji, mfuko ukaelea mpaka kwa jirani.

"Mzee, utampasua mtu kichwa!" kinyozi akapiga kelele.

"Mumeona? Hapa hewa inatusaidia, inatenganisha. Kule juu hakuna hewa. Bolti na mfuko vinakwenda pamoja, mwendo mmoja. Adui atatuma bolti moja na mifuko ishirini. Weye utapiga gani?"

Kinyozi akauliza nani atamlipia jirani uchafu. Lakini Mwanaidi alikaa kwenye ngazi muda mrefu akitazama ule mfuko ulivyonasa kwenye waya.

Mimi Fundi aliniuliza maswali ya kazini kwangu, akiniita baba wa Mwanaidi kwa namna ya kwao. "Papa Mwana, kengele yako imelia mara ngapi wiki hii?"

"Mara nyingi. Paka, upepo, mlango haukufungwa vizuri."

"Na mwizi?"

"Hakuna."

"Bon, vizuri. Ikilia unafanya nini?"

"Nakwenda kutazama."

"Njo hiyo. Weye una nafasi ya kwenda kutazama. Bale ba makombora hawana."

Nilidhani anatania. Mimi naishi kwa kuuza usalama, na sikupenda mtu kuniambia kwamba usalama hauuziki. Nilimwambia ukuta ni bora kuliko kutokuwa na ukuta. Akaniambia mwenye ukuta mrefu ndiye anayethubutu kumtukana jirani. Hatukukubaliana, na sijui mpaka leo nani alikuwa sahihi. Ghala letu halijaibiwa.

Usidhani alikuwa mtu wa kununa tu. Roketi zikirushwa angani alikuwa wa kwanza kuja kwangu kutazama, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na televisheni. Zile zinazorudi na kusimama wima aliwahi kuzipigia makofi mpaka machozi yakamtoka. "Kazi nzuri," alisema. "Kazi nzuri sana. Banaiharibu." Simu yake alikuwa akiifunga kwenye soksi. Hakuvuka barabara chini ya robot, hizi taa za kuongozea magari, yenye kamera kama kulikuwa na njia nyingine. Lakini alikuwa akiacha mlango wake wazi mchana kutwa, hata akiwa hayupo.

Aprili 2015, wageni waliposhambuliwa mjini, alishinda juu ya paa letu siku tatu. Alisema mtu aliye juu huona mapema. Siku ya tatu aliona kundi la watu likipanda barabara, wamevaa sare, wana fimbo mikononi. Alituambia tufunge lango, akashika tofali. Mimi nilikuwa chini na rungu langu la kazi. Wakakaribia, wakaanza kuimba. Ni waumini wa kanisa moja la hapa, wale wanaosali na fimbo, walikuwa wanatoka ibadani. Mama mmoja alituamkia kwa Kizulu akapita.

Sisi wengine tulicheka sana, cheko la hofu. Fundi alishuka taratibu, akaliweka tofali chini kama yai, akaenda nyuma ya nyumba akatapika. Sikuelewa. Nilianza kumtilia shaka tangu siku ile, kwamba huyu mtu ana jambo.

Sisi tuko karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Siku za mechi kubwa, wakati mwingine ndege za kivita hupita chini kabla ya mchezo, na watu hushangilia. Jumamosi moja zilipita tukiwa kwa kinyozi. Vioo vikatetemeka, vijana wakakimbilia nje na simu zao. Nilipogeuka, Fundi alikuwa chini ya kiti cha kunyolea, mikono kichwani, kitambaa cheupe bado kiko shingoni. Nilifunga mlango wasimwone. Nilikaa sakafuni karibu naye mpaka alipoweza kusema.

Aliniambia wakati huo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba aliwahi kuwa askari. Si wa bunduki. Alikuwa mtu wa rada katika kikosi cha kuzuia ndege, kwao, katika vita ambavyo hakuvitaja jina. Walikuwa wamepewa makombora mapya ya kulinda mji. Waliambiwa adui atatokea upande wa ziwa. Asubuhi moja nukta ikatokea upande wa ziwa. Mkubwa wake akamwuliza, wetu au wao? Alikuwa na dakika mbili.

"Nikasema ni bao," aliniambia. "Sikuona bendera. Sikuona kitu. Niliona nukta inatoka pale banaposema itatoka."

Ilikuwa ndege ya msaada, yenye unga wa chakula na wauguzi.

"Kwa hiyo kombora halikufanya kazi," nilisema. Nilikuwa nimezoea hoja zake za mvua na mifuko.

Akanitazama kama mtoto mjinga. "Papa Mwana, lilifanya kazi vizuri sana. Balitupatia soda ya pongezi."

Katika karatasi zake za ukimbizi alikuwa ameandika kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliniambia hilo pia. Sikuahidi kulificha, naye hakuniomba.

Sasa nije kwenye jambo lililotutenganisha.

Mwanaidi alimaliza masomo ya darasani mwaka 2017. Lakini chuo chao hakitoi diploma mpaka mwanafunzi afanye mafunzo kazini, na kazi ya kujifunzia unaitafuta mwenyewe. Aliandika barua karibu mwaka mzima. Wengine hawakujibu, wengine walijibu kwamba nafasi zimejaa. Alianza kulala mchana, na mimi najua mtoto akianza kulala mchana ni nini. Ndipo, katika mwaka huo wa 2018, kampuni moja ya upande wa Pretoria ikamwita. Wanatengeneza sehemu ya mbele ya kombora la kupigia makombora mengine, ile inayotazama na kuamua. Walimpenda kwenye usaili. Ilibaki kuchunguzwa tu.

Alikwenda kumwambia Fundi kwa furaha. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi.

"Hapana," Fundi alisema.

"Babu, ni kinga. Haiui mtu. Inazuia."

"Mwenye ngao nzuri haogopi kupiga wa kwanza. Ngao inaua pia, inachelewa tu."

"Sasa nifanye nini? Sina diploma mpaka nipate mafunzo. Nije nifunge madishi na wewe?"

"Madishi ni mabaya?"

"Babu, watu siku hizi wanatazama kwenye simu."

Hilo lilimwuma, niliona. Lakini hakulegea. "Batakufundisha kuona adui ndani ya nukta. Hapana, mwanangu. Miye siwezi kukubariki."

Mtoto alishuka akilia. Mimi nilipanda. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na shaka.

"Fundi, sema kweli. Unamwogopea mtoto, au unajiogopea mwenyewe? Wakichunguza hii nyumba watakukuta."

Akasema, "Yote mbili."

Fomu ilikuja wiki iliyofuata. Kurasa nyingi. Mojawapo ya maswali iliuliza kama mwombaji ana ukaribu na mtu yeyote aliyewahi kutumikia jeshi la nchi nyingine. Mwanaidi aliinua kichwa. Hakuwa mjinga, alikuwa ameona mambo ya mzee miaka yote.

"Baba, Fundi alikuwa askari?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema hapana, na leo mzee pengine angekuwa anabishana na kinyozi. Nilisema, "Muulize mwenyewe."

"Nikimwuliza akasema ndiyo, itabidi niandike."

"Najua."

Nimelifikiria jibu langu lile mara nyingi. Nilijiona mwaminifu kwa sababu sikudanganya. Lakini mtu anayesema muulize mwenyewe amekwisha kujibu.

Alikaa juu saa nzima. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaandika jina la Fundi na mahali anapoishi. Alisema mzee amemweleza kila kitu, hata ile ndege, na mwisho amemwambia neno moja tu: andika.

Wanaume wawili walikuja na gari jeupe siku yangu ya mapumziko. Walikuwa na adabu. Waliniuliza kama namfahamu mzee anayekaa juu, nikasema ndiyo. Walipanda wakakaa naye kiasi cha nusu saa, wakashuka, wakaniaga. Fundi hakutoka nje siku ile. Siku ya tatu niliporudi kutoka kazini, mlango wake ulikuwa wazi kama kawaida na chumba kitupu. Ngazi ya mbao aliiacha.

Kwa kinyozi yalisemwa mengi. Kwamba alikuwa jasusi tangu mwanzo. Kwamba wale wamemnunua. Kwamba amemchongea binti yangu kisha akakimbia aibu. Mimi niliamini hilo la mwisho. Nilikuwa na hakika kwamba amewaambia huyu mtoto hafai, ili asipate kazi aliyoichukia. Kisha, mwezi mmoja baadaye, Mwanaidi akapata barua. Alikubaliwa. Sikujua tena niamini nini, na nikaanza kushuku hata ile barua.

Nilimpata mwaka uliofuata, 2019, baada ya mama mmoja Mkongo kuniambia amemwona Rosettenville, kusini mwa mji. Ilikuwa wiki zile India ilipopiga setilaiti yake yenyewe kwa kombora, na kinyozi alikuwa akishangilia. Fundi alikuwa kwenye chumba cha nyuma, nyuma ya duka la mikate la Mreno. Amekonda. Kifua kilikuwa kinamlia kama maji kwenye bomba. Niliuliza kama amekwenda kliniki.

"Bataniuliza karatasi."

"Zako ziko wapi?"

"Zimekufa. Sikurudi kuzifanya upya."

Hakuna aliyemfukuza, lazima niseme hivyo. Alijificha mwenyewe. Nilimwomba nimpeleke hospitali palepale, nikamwambia hawamkatai mgonjwa. Alitikisa kichwa na kuuliza habari za India. Nikamwambia wamepiga.

"Na vipande?"

"Wanasema vimezagaa huko juu."

"Vitazunguka miaka. Bakitaka kufunga mlango, banaujaza misumari." Akakohoa. "Na mtoto?"

"Yupo kazini. Alipata."

"Minajua."

Nikamwuliza moja kwa moja, kwa sababu ndilo nililojia. "Fundi, uliwaambia nini wale watu?"

Alikunywa maji kwanza. Alisema walimwuliza habari za Mwanaidi, siyo zake. Wao walitaka kujua kama ni mtu wa kutegemewa. Naye akaona kwamba hawezi kumtolea mtu ushahidi kwa mdomo wenye uongo ndani. Basi alianza na yake. Aliwaambia kwamba hakuwa mwalimu, kwamba alikuwa mtu wa rada, na alichokifanya. Wakaandika. Ndipo akawaambia kuhusu binti yangu.

"Nikabaambia, huyu akiwa hajui, atasema hajui. Hata kama mkubwa anapiga kelele. Hata kama dakika ziko mbili. Nikabaambia, munahitaji mtu kama huyu kuliko hayo makombora yenu."

Miezi yote ile nilikuwa nimemlaani mtu huyu.

"Kwa hiyo ulikubali," nilisema mwishoni. "Ile kazi uliikubali."

"Hapana. Kazi ni mbaya. Lakini bataifanya tu, na miye ama bila miye. Bora akuwe mule ndani mmoja anayesema hajui." Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Sikia. Usimwambie. Akijua nilisema mazuri, atadhani nilimbariki, na atatulia. Sitaki atulie. Mwambie nilikataa mpaka mwisho."

"Fundi, unanijua. Mimi siwezi kumwambia mtoto wangu uongo."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Nilimwinua, nikampigapiga mgongo.

"Basi nyamaza," alisema alipopata pumzi. "Kunyamaza unaweza. Ulishaweza mara moja, juu ya karatasi zangu."

Alifariki majira ya baridi. Tulimzika asubuhi yenye umande ulioganda kwenye majani. Mwanaidi aliomba ruhusa kazini akaja na sare yake. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, yeye ndiye aliyesogea.

"Huyu babu aliikataa kazi yangu mpaka mwisho," alisema. "Hakunibariki. Kila nikipewa karatasi ya kusaini kwamba kitu kiko sawa, namwona amekunja uso, na narudi kupima tena. Ningependa angekuwa upande wangu. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Watu wakaitikia amina. Kisha akanigeukia, kama mtoto anavyomgeukia mzazi ili aongeze neno lake. Watu wote wakanitazama, na kinyozi naye, kwa mara ya kwanza amefunga mdomo.

Nilichukua beleshi nikaanza kufukia.